Likizo Yako Imo Kwenye Rosta: Mwongozo Kamili kwa Wahudumu wa Afya Tanzania Bara

Nimekaa miaka kadhaa nikipanga rosta ya wodi. Karatasi ya A3, rula, penseli, kifutio. Majina upande wa kushoto, tarehe juu, na ndani ya viboksi herufi nne: A ya asubuhi, J ya jioni, U ya usiku, O ya off. Ukitaka kujua nani kwenye wodi ile anapata likizo na nani haipati, usihangaike na sheria kwanza, angalia karatasi hiyo. Kuna watu ambao mstari wao una herufi L, ya likizo, ishirini na nane zilizopangana vizuri, na kuna watu ambao mwaka wa tatu sasa wanaambiwa "subiri kidogo, wodi imelemewa".

Tofauti ya makundi hayo mawili mara chache ni upendeleo. Kwa kawaida kundi la kwanza liliomba mapema, kwa maandishi, na lilijua tarehe zake. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu kwa wauguzi, matabibu, madaktari, watu wa maabara, wafamasia, watu wa mionzi, wahudumu wa wodi na makarani wa mapokezi. Mlinzi na mpishi wa hospitali nao wamo. Wenye koti jeupe huwa tunawasahau.

Kwanza, jua mwajiri wako ni nani

Linaonekana swali la kitoto, lakini kwenye hospitali moja ya mission unaweza kukuta watu wa aina nne wakifanya zamu moja: aliyeajiriwa na kanisa, aliyeletwa na Serikali, wa mradi wa wafadhili mwenye mkataba wa mwaka mmoja, na kijana anayejitolea kwa posho ya nauli. Usimuulize wa pembeni yako ana siku ngapi. Inawezekana mnatawaliwa na mikataba tofauti kabisa.

Upande wa Tanzania Bara, sheria mama ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366. Haki zake za likizo ni kiwango cha chini: mkataba wako unaweza kukupa zaidi, hauwezi kukupa pungufu. Mtumishi wa umma ana pia Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, zenye taratibu zake, ikiwemo nauli ya likizo. Zanzibar wana sheria yao ya ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo ndugu zetu wa Unguja na Pemba msizitumie namba za humu bila kuangalia ya kwenu.

Kama mahali pako pa kazi pana chama cha wafanyakazi, TUGHE kwa mfano, au TALGWU kwa walio chini ya halmashauri, waulize kama kuna mkataba wa hali bora uliosainiwa na mwajiri. Nyingi ya siku za ziada watu wanazozifurahia zinatoka humo.

Ukiwa hujafikisha miezi sita kazini, kwa kawaida hujaanza kupata likizo ya malipo. Lakini kuna mlango ambao wengi hawaujui: kama mwajiri yuleyule anakuajiri, anakuachia, anakurudisha ndani ya mwaka mmoja, na vipindi hivyo vikijumlishwa vinapita miezi sita, unastahili. Hii inawahusu sana wanaoitwa kwa mikataba ya miezi mitatumitatu.

Pili, hesabu mwaka wako mwenyewe

Mwaka wa likizo hauanzi Januari. Unaanza siku uliyoajiriwa. Chukua barua yako ya ajira, itafute tarehe, uiandike nyuma ya kalenda.

Tuseme uliripoti tarehe 1 Machi 2025. Mzunguko wako wa kwanza wa likizo unaisha 28 Februari 2026, na kwa mzunguko huo una siku 28 za mfululizo. Mwajiri ndiye mwenye haki ya kupanga uende lini, na hapo ndipo wengi wanapokwama wakidhani anaweza kukuzungusha milele. Hawezi. Lazima uwe umekwenda ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha, yaani mwisho wa Agosti 2026. Anaweza kusogeza hadi miezi kumi na miwili, Februari 2027, ikiwa tu wewe umekubali na kazi yenyewe inadai hivyo kweli.

Sasa sikiliza sehemu inayouma. Siku za likizo ulizoacha zipite mipaka hiyo bila kuzifuatilia unaweza usilipwe hata utakapoondoka kazini. Nimemwona mwenzetu wa maabara akiacha kazi baada ya miaka saba, mkononi ana daftari lake lenye hesabu ya "likizo za nyuma" tano. Alilipwa ya mwaka wa mwisho. Alipoulizwa barua alizoomba likizo zile nyingine, hakuwa na hata moja. Aliomba kwa mdomo, akakataliwa kwa mdomo, akarudi wodini.

Siku 28 ni za kalenda. Zinameza Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote zilizoangukia ndani yake. Kwa mtu wa ofisini hilo halina mjadala mrefu. Kwa mtu wa zamu ndipo ujanja ulipo.

Tatu, zungumza na rosta kabla ya kuzungumza na ofisi

Tuseme umemaliza naiti zako Alhamisi asubuhi, na wodi yenu inatoa off tatu baada ya naiti: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Ukiandika likizo ianze Alhamisi, off zako tatu zimeliwa, kwa sababu siku za mapumziko zilizo ndani ya likizo zinahesabika kuwa likizo. Ukiandika ianze Jumapili, umepumzika siku 31 kwa gharama ya siku 28. Hujamwibia mtu. Off zile ni malipo ya usiku uliokesha, na sheria yenyewe inadai saa 24 za mapumziko kila wiki.

Sikukuu nazo ni hivyohivyo. Ukichukua likizo kuanzia 6 Desemba, imemeza Uhuru tarehe 9, Krismasi, Siku ya Kufungua Zawadi na Mwaka Mpya. Ukibaki kazini siku hizo, kila saa unayofanya kwenye sikukuu inalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Kuna watu wenye hesabu kali ambao huomba likizo Februari kwa makusudi, Desemba wakabaki kuvuna. Wana wao wanawalaumu, lakini ada ya Januari inalipwa.

Kila anayepanga rosta ana miezi anayoiogopa. Desemba shule zimefungwa na kila mtu anataka kwenda kwao. Mtu wa Kilimanjaro Desemba humshikilii, utamwandikia zamu na atakuletea barua ya msiba. Juni nayo ina msongamano kwa wenye watoto shuleni. Masika, malaria ikipanda, wodi ya watoto haina kitanda tupu na mfawidhi atakataa maombi kabla hujamaliza sentensi. Ukiomba Agosti, Septemba au Februari unajibiwa ndiyo siku hiyohiyo.

Mimi nilikuwa na utaratibu wangu: Waislamu wanashika Krismasi na Pasaka, Wakristo wanashika Idd zote mbili. Haukuandikwa popote, na sikumbuki ukizua ugomvi. Kama wodi yenu haina utaratibu kama huo, upendekeze kwenye kikao.

Nenda kwa mfawidhi wako miezi miwili mitatu kabla, na usiende mikono mitupu. Usiseme "naomba likizo". Sema "naomba 2 Agosti hadi 29 Agosti, nimeongea na fulani, yuko tayari kushika naiti zangu za wiki ya kwanza, na mimi nitamrudishia Oktoba". Unakuwa umemfanyia nusu ya kazi. Anayepanga rosta akiona tatizo limekuja na jibu lake, penseli inaenda yenyewe.

Nne, iweke kwenye karatasi

Makubaliano ya koridoni hayana uzito. Matroni niliyekubaliana naye likizo yangu miaka ile alihamishwa wiki mbili kabla ya tarehe. Aliyemrithi akafungua rosta, hakuona kitu, akaniandikia naiti. Nauli ya basi nilikuwa nimeshalipa. Sikumlaumu, kwani mimi ndiye niliyeamini neno la mtu aliyekuwa anasubiri barua ya uhamisho.

Kwenye utumishi wa umma taasisi nyingi sasa zinatumia ESS, mfumo wa mtandaoni wa mtumishi kujihudumia. Ukiomba humo, piga picha ya skrini yenye tarehe na uitunze. Kwingineko kuna fomu ya likizo ya ofisi ya utumishi. Kama hakuna fomu, barua inatosha, na haihitaji maneno mengi:

*Kwa: Afisa Rasilimali Watu*
*Kupitia kwa: Muuguzi Mfawidhi, Wodi ya Wazazi*
*YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MWAKA*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wazazi, nimeajiriwa tangu 1 Machi 2025. Naomba likizo yangu ya siku 28 ya mzunguko ulioisha 28 Februari 2026, kuanzia Jumapili 2 Agosti 2026 hadi Jumamosi 29 Agosti 2026. Nitaripoti kazini Jumapili 30 Agosti 2026. Nimekubaliana na mfawidhi kuhusu atakayeshika zamu zangu. Naomba kujibiwa kwa maandishi.*

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki masijala, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na unaondoka nayo. Ule muhuri wenye tarehe ndio utakaokusaidia siku ya siku. Wakikataa, omba sababu iandikwe palepale chini ya barua. Mara nyingi ombi hilo peke yake hugeuza "haiwezekani" kuwa "labda uanze wiki ya pili".

Mtumishi wa umma, usisahau nauli. Serikali inagharamia safari ya likizo kwenda nyumbani mara moja kila baada ya miaka miwili, wewe, mwenza wako na wategemezi wasiozidi wanne. Inahitaji kuingizwa kwenye bajeti, kwa hiyo anayekwenda kuidai wiki ya kuondoka anaambiwa fungu limekwisha, na huenda ni kweli. Ulizia bajeti inapoandaliwa. Sekta binafsi, fungua mkataba wako ukurasa wa marupurupu uone kama imo.

Tano, siku ya kuondoka na simu za katikati

Kabidhi kwa maandishi. Funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa zihesabiwe pamoja na dawa zilizomo, wote wawili msaini kwenye rejesta. Vidonge vikipungua wakati uko kijijini, saini hiyo ndiyo itakayokutetea. Wagonjwa wako wa kliniki wa kurudi, vifaa ulivyoazima wodi nyingine, nywila za kompyuta ya mapokezi: viorodheshe kwenye nusu ukurasa.

Mshahara wa likizo unatakiwa ulipwe kabla ya likizo kuanza. Posho za usiku na za kuitwa kazini mara nyingi hazimo, kwa sababu usiku huo hukukesha. Anayetegemea posho hizo kulipia kodi ya nyumba apange mapema, maana mwezi wa likizo ndio mwezi wenye nauli na zawadi za wazazi.

Simu itaita, ni kazi yetu. "Dada, nisamehe, leo tuko wawili tu, njoo utusaidie jioni." Hapa moyo unavutika, na sikulaumu ukienda. Ila ujue ulipo kisheria. Mwajiri anaweza kukufanyisha kazi wakati wa likizo yako ya mwaka kwa ridhaa yako tu, na ukiifanyia kazi likizo yako unastahili kulipwa mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Hata kwa ridhaa, haitakiwi kuendelea hivyo miaka miwili mfululizo bila kupumzika. Ukienda siku moja kusaidia, siku hiyo hiyo mwombe mfawidhi akuandikie kwamba siku imerudishwa kwenye hesabu yako. Kesho yake atakuwa amesahau.

Wakati uko likizo mwajiri hawezi kukupa notisi ya kuachishwa kazi, na notisi haiwezi kutembea sambamba na likizo. Ukiletewa barua ya namna hiyo ukiwa nyumbani, itunze na bahasha yake.

Sita, ukiumwa

Watu wa afya tunaumwa vibaya. Si kwamba maradhi yetu ni makali kuliko ya wengine, ila hatuumwi kwa karatasi. Homa inakushika katikati ya zamu, unamshika daktari mkononi koridoni, anakuandikia dawa kwenye kipande cha boksi la glovu, unachoma sindano kwenye chumba cha kubadilishia nguo, unaendelea. Siku ya pili unashindwa kuamka. Siku ya tatu ofisi inauliza ulikuwa wapi, na hakuna faili, hakuna namba ya mgonjwa, hakuna ED, ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi. Kwenye kumbukumbu umetoroka kazi.

Jiandikishe dirishani. Ufunguliwe faili kama mama yeyote aliyetoka Mbagala na mtoto mgongoni. Upimwe, majibu yaandikwe, daktari aliyesajiliwa akupe ED yenye tarehe ya kuanza na kuisha. Usijiandikie mwenyewe hata kama una mamlaka ya kuwaandikia wengine. Bila cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo.

Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Angalia vizuri: ni miaka mitatu, si mwaka. Aliyelazwa miezi miwili mwaka wa kwanza ameshamaliza karibu siku zote za mshahara kamili hadi mzunguko mpya uanze. Na mwajiri haruhusiwi kuzigeuza siku za ugonjwa kuwa za likizo ya mwaka. Ukiona kwenye hesabu yako siku 28 zimebaki 19 na mwaka huo ulilazwa siku tisa, nenda ofisi ya utumishi na ED zako.

Ajali ya kazini ni habari nyingine. Sindano ikikuchoma, damu ikikurukia jichoni, mgonjwa akikuvunja mkono, au mgongo ukifyatuka unahamisha mgonjwa kutoka machela: osha kwa maji mengi na sabuni (jicho, maji tu), toa taarifa saa hiyo hiyo, anza dawa za kinga ya VVU mapema iwezekanavyo na isipite saa 72, na hakikisha tukio limeandikwa kwenye kitabu cha matukio kwa jina lako, saa, na kilichotokea. Mwajiri anatakiwa kuripoti kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ndani ya siku saba. Aibu ndiyo inayotuponza hapa. Mtu anaficha kwa kuogopa kuambiwa mzembe, miezi sita baadaye anatafuta shahidi wa kitu ambacho hakikuandikwa.

Saba, uzazi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wodi zetu zimejaa wanawake na makosa ya tarehe hugharimu wiki nzima za kukaa na mtoto.

Likizo ya uzazi ni siku 84 za malipo, au 100 ukijifungua mapacha au zaidi. Mwajiri analazimika kuitoa kwa malipo mara nne katika ajira yako kwake. Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja, unastahili siku 84 nyingine ndani ya mzunguko huo huo wa miezi 36. Na kwa aliyejifungua njiti, marekebisho ya mwaka 2025 yameongeza muda unaobaki hadi kutimia wiki 40 za ujauzito, kilio cha siku nyingi cha akina mama waliokuwa wakimaliza likizo huku mtoto bado yuko kwenye uangalizi.

Taarifa kwa mwajiri itolewe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Unaweza kuanza likizo kuanzia wiki nne kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi daktari akithibitisha inahitajika.

Chukua kalenda. Matarajio ni 20 Septemba 2026. Barua iwe imefika 20 Juni. Mapema kabisa unaweza kuanza 23 Agosti, na siku 84 zitaisha 14 Novemba. Ukijisikia vizuri ukaanza wiki moja tu kabla, 13 Septemba, zitaisha 5 Desemba. Wiki tatu zaidi na mtoto. Ukiwa bado una likizo yako ya mwaka, iombe iunganishwe: kuanzia 6 Desemba hadi 2 Januari. Mtoto wako ana miezi mitatu na nusu siku unayorudi. Iombe kwa barua mapema, pamoja na ile ya uzazi, maana unaunganisha likizo mbili zinazojitegemea na ya mwaka bado inapangwa na mwajiri. Lakini usijilazimishe kusimama chumba cha upasuaji na miguu iliyovimba ili kuokoa siku. Sisi ndio tunaojua shinikizo la damu la ujauzito linavyokuja kimya kimya.

Kabla ya likizo yenyewe kuna haki mbili ambazo kwenye hospitali zinasahauliwa kuliko zote. Mjamzito hatakiwi kupangiwa kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Usiku kisheria ni saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Na baada ya kujifungua, miezi miwili ya mwanzo nayo hivyo hivyo. Haki ya pili ni kutofanyishwa kazi yenye hatari kwake au kwa mtoto. Mionzi, dawa za saratani, wodi ya kifua kikuu sugu: omba kwa barua uhamishiwe kwingine, na mwajiri anatakiwa kukupa kazi mbadala inayowezekana bila kukupunguzia maslahi.

Hutakiwi kurudi kazini ndani ya wiki sita baada ya kujifungua isipokuwa daktari amethibitisha uko sawa. Ukirudi, una saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Kwenye zamu hilo halijitokezi lenyewe. Kaa na mfawidhi mkubaliane: uchelewe kuingia kwa saa moja na utoke saa moja kabla, au utoke saa mbili kabla moja kwa moja. Kisha iandikwe pembeni ya jina lako kwenye rosta, ili anayekupokea asione unatoroka.

Ulizia pia mfuko wako wa hifadhi ya jamii kuhusu fao la uzazi. Lina masharti ya michango na halihusiani na mshahara wako wa likizo.

Nane, baba, msiba, na masomo

Baba ana siku tatu za malipo, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Ni tatu kwa mzunguko mzima wa miezi 36, hata wakizaliwa wangapi. Chache, najua. Wengi huziunganisha na siku za likizo ya mwaka.

Siku nne za malipo ni kwa ajili ya mtoto akiugua au kufariki, au msiba wa mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Nazo ni jumla kwa mzunguko. Msiba wa pili ukija, siku za nyongeza zinatolewa kwa idhini ya mwajiri na bila malipo. Shangazi na mjomba sheria haijawataja, ingawa kwa mila zetu huwezi kukosa kumzika shangazi. Hapo unategemea ubinadamu wa mfawidhi na watu wa kubadilishana nao zamu. Mwajiri anaweza kudai uthibitisho, kwa hiyo tunza kibali cha mazishi.

Masomo hayamo kwenye sheria ya ajira kama likizo ya lazima. Serikalini yanapitia mpango wa mafunzo na ruhusa ya mwajiri. Kwingine ni mkataba. Usianze chuo ukitegemea zamu za kubadilishana. Muhula wa pili utakushinda.

Tisa, ukiondoka kazini au wakikugomea

Ukiacha au kuachishwa kazi katikati ya mzunguko, unalipwa siku moja ya mshahara wa msingi kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Namba hiyo ya 13 si ya kubahatisha: siku 26 za kazi kwa mwezi, mara 12, ni 312, gawanya kwa 13 unapata 24, ambazo ndizo siku za kazi zilizomo ndani ya siku 28 za kalenda kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki.

Mfano. Mshahara wa msingi ni shilingi 650,000. Gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kama 150,012. Gawanya kwa siku sita, siku moja ni kama 25,002. Umefanya kazi miezi mitano ya mzunguko mpya, siku 130. Gawanya kwa 13, ni siku kumi. Unawadai 250,020 za likizo peke yake, kabla ya mambo mengine. Fanya hesabu hii nyumbani, na uifanye kabla hujaitwa kusaini karatasi ya "nimelipwa stahiki zangu zote".

Mgogoro ukitokea, anza na barua kwa mwajiri, kisha chama. Kwa sekta binafsi na mashirika ya dini, hatua inayofuata ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba 1. Muda ni mfupi: siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine kama ya malipo ya likizo. Wengi hufika siku ya 90 wakisema walikuwa wanaongea kwanza. Mtumishi wa umma yeye anatakiwa kumaliza kwanza njia za ndani ya utumishi, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma.

Ukienda CMA beba barua ya ajira, hati za mshahara za miezi ya karibuni, nakala ya barua ya likizo yenye muhuri, majibu kama yapo, na picha za rosta. Ndiyo, rosta. Kila mwezi ipige picha kabla haijatolewa ukutani, maana mwezi mpya ukianza ile ya zamani hugeuzwa karatasi ya kufungia vitumbua.